Kompyuta Iliyomkataa Mama Pindo

Kompyuta ililala Jumatatu asubuhi, Mama Pindo akiwa katikati ya maneno. Alikuwa akimweleza mama mmoja wa miwani, aliyeko ndani ya kioo, jinsi anavyoutia mkono wa shati begani bila kuufanya mafundo. "Kwanza natia pini hapa, kwenye kilele cha bega," akasema, akasogea karibu aonyeshe vizuri, na mama wa miwani akatoweka. Kioo kikawa cheusi tii. Mama Pindo akabaki anajitazama mwenyewe humo ndani, shati mkononi, mdomo wazi.

Mumewe alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa chumbani, kwa amri, asije akaonekana. Mtaani wanamwita Brashi kwa sababu ni fundi rangi, na kaptula yake ya kazi ina doa la kila nyumba aliyowahi kuipaka. Akatoka mbio.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeshika tu."

"Umeshika wapi?"

"Si hapa. Isiteleze."

Ni kweli ilikuwa inateleza. Meza ile ni ya cherehani, na meza ya cherehani huzoea kutikisika hata siku ambayo hakuna anayeshona. Mama Pindo alikuwa ameikamata kompyuta kwa mkono wa kushoto, pale pembeni mwa herufi, kiganja kimetulia. Ndivyo fundi yeyote wa nguo anavyofanya: wa kushoto hushika, wa kulia hutenda. Ukimwambia aachie wa kushoto ni sawa na kumwambia aache kupumua.

Brashi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kitaa kidogo kikafungua jicho, kikafumba. Akabonyeza tena. Kikafungua, kikafumba. Akabonyeza kwa nguvu, akakishikilia, akakibembeleza, akakitukana kimoyomoyo. Mkewe muda wote ameishika mashine asiiache peke yake, maana katika nyumba ile mgonjwa huwa haachwi.

"Imelala," akasema Brashi.

"Naiona. Iamshe."

"Haiamki."

Mama yake Brashi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anachambua vifungo: vyeupe huku, vyeusi kule, vya rangirangi katika kopo. Nyumbani wote wanamwita Bibi, hata Brashi akijisahau. Hakuinua kichwa. "Imemkataa," akasema. "Mimi nilishasema toka siku ile. Kitu kilichonunuliwa kwa mtu mwenye haraka hakikosi jambo."

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Mama Pindo akausoma kwa sauti, kila neno likitoka kivyake: wamempoteza, wanasikitika, watampigia tena Ijumaa asubuhi, na wanamwomba ahakikishe kifaa chake kinafanya kazi kwa sababu hawataweza kurudia mara ya tatu.

"Kifaa changu," akasema. Akakaa kitako juu ya rundo la suruali za watu zinazosubiri kupindwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkaguzi wa mishono katika kiwanda kipya cha sare. Wenye kiwanda wako mji mwingine, na watu wanawapima kwa simu ya video, fundi akishona mbele yao. Mama Pindo anajua kukata koti zima na bitana yake, anajua kola ya kila namna, lakini mtaa ule ukishampa mtu jina, basi. Watu wanamletea pindo tu. Suruali ndefu, pindo. Gauni refu, pindo. Hata pazia. Akitaka kumshonea mtu nguo nzima anaambiwa, "Aa, Mama Pindo, nguo nitapeleka kwa fundi." Kazi ya kiwandani ilikuwa ya kumwita jina jingine, na nyumba nzima ilijua anavyoitamani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anasema, "Tutaona tu."

*

Kesho yake wakaenda kwa Daktari. Huyu hajapata kumtibu binadamu, ni fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda kando ya barabara na benchi nje ambalo halikosi watu. Wengine wamekuja na simu zilizoanguka majini, wengine hawana simu wala maji, wamekuja kusikiliza habari.

Mama Pindo alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na mkoba. Bangili yake ya pini aliiacha nyumbani, juu ya cherehani. Bangili hiyo ndiyo silaha yake: utepe wa kitambaa wenye kifuko, na ndani ya kifuko sumaku, hivyo pini zinajilaza zenyewe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto zikingoja kuitwa. Aliyemtengenezea ni Brashi, siku alipokanyaga pini mara ya mwisho na kuapa kwamba haitajirudia. Sumaku aliitoa kwenye spika ya redio mbovu ya Bibi, kitambaa alikikata kwenye tai yake ya harusi. Mama Pindo aliipokea bila kusema mengi, na toka siku hiyo haketi kushona bila kuivaa.

Daktari akaifunika kompyuta, kioo juu ya herufi, ikalala. Akaifunua, ikaamka. Akaifunika, akahesabu kimoyomoyo, akaifunua, ikaamka kwa uchangamfu kabisa. Akaiacha bila kuigusa huku akimhudumia mwenye simu ya majini, na aliporudi ikawa inamngojea, kioo kinawaka.

"Hii ni nzima," akasema.

"Nyumbani haiamki," akasema Mama Pindo.

"Hapa inaamka, mama."

"Naona inaamka. Ndiyo maana nakwambia nyumbani haiamki."

Watu wa benchini walikuwa wameanza kutabasamu. Brashi akaona aibu, na akiona aibu ulimi wake hutangulia. "Fundi, nikwambie kweli? Shida ni mikono ya mke wangu. Mikono ya cherehani mizito. Anaikamata mashine utadhani anakamata kuku."

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akapiga goti lake. Mama Pindo naye akacheka kidogo, kicheko kile ambacho mtu hukitoa ili wengine wamalize haraka, kisha akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Daktari hakucheka sana. Alikuwa anasoma kitu kwenye kioo. "Mashine hizi hulala kwa mambo mawili," akasema. "Ukiiacha muda mrefu, au ukiifunika. Sasa nimeiambia isilale kwa kuachwa. Hata mkikaa mpaka kesho haitalala, mpaka mtu aifunike. Mmeelewa?"

Wakaelewa. Wakarudi nyumbani, Brashi ameibeba kompyuta kifuani kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Njiani mkewe alitangulia mbele, naye Brashi akadhani anakimbia jua.

Jioni ile ile Mama Pindo akaketi mezani kufanya mazoezi. Akavaa bangili, akajaza pini, akachukua mkono wa shati, akaiweka mashine sawa kwa mkono wa kushoto. Kioo kikazima.

Hakumwita mtu. Alikitazama tu, halafu akachukua suruali ya kwanza kwenye rundo, akaanza kuipinda.

*

Ajabu ni kwamba binti yao aliitumia usiku mzima wa Jumanne na wa Jumatano bila tatizo. Huyu yuko sekondari, Bibi anamwita Msomi, na masomo yake yote yamo humo ndani. Aliandika, akasoma, akaangalia na mambo yasiyo ya shule, kompyuta macho kodo.

"Wewe unaifanyaje?" akauliza Brashi.

"Siifanyi kitu, baba. Naiwasha."

"Mama yako akiiwasha?"

Msomi akamtazama mama yake, akaona si mahali pa kujibu. Bibi akajibu yeye. "Mke mwenzangu huyu haina neno naye. Wewe haina neno nawe. Mimi juzi nimeifuta vumbi, ikaniwakia hadi nikaiamkia. Ni huyu mkwe wangu tu. Kila nyumba mpya ina mtu inayemkataa, na kila mtu ana kitu kinachomkataa. Mimi kinachonikataa ni ngazi."

Mama Pindo aliitikia kicheko kwa heshima ya mkwe. Lakini Alhamisi asubuhi, wakati anapiga pasi, Msomi alimsikia akijisemea, "Au kweli."

Brashi hakuweza kutulia. Mashine aliinunua yeye, kwa maneno mengi, siku mkewe alipotaka pesa ile iende kwenye cherehani cha pili. Alimwambia dunia imehamia kwenye kioo. Sasa dunia imehamia, na mkewe kaachwa nje. Akaacha ukuta wa watu umepakwa nusu, akaichukua kompyuta, akarudi kwa Daktari peke yake.

"Kwangu bado ni nzima," akasema Daktari, baada ya kuifunika na kuifunua mpaka Brashi akachoka kutazama. "Usishangae. Hata hospitali wapo. Mtu anaungua homa kwao, akifika kwa daktari homa inashuka, anaonekana mwongo."

"Sasa nifanyeje? Kesho ndiyo siku yenyewe."

Daktari akasogeza kiti. "Ngoja. Kila ikilala huandika sababu. Ona hapa. Jumanne jioni: imefunikwa. Jana mchana: imefunikwa. Leo asubuhi: imefunikwa. Kila mara imefunikwa."

"Haikufunikwa. Ilikuwa wazi, mke wangu amekaa mbele yake."

"Mashine inajiona imefunikwa, ndugu yangu. Kwa nini inajiona hivyo, sijui. Ila mmoja kati yenu hasemi kweli, na mashine haina sababu ya kunidanganya."

Maneno hayo yakamwingia Brashi vibaya. Njia nzima aliyageuza, na kila alipoyageuza yakamwonyesha kitu kimoja: kuna mtu anaifunika. Na kama kuna mtu anaifunika, ni mtu asiyetaka simu ile ifike mwisho. Akakumbuka mkewe anavyosema "Tutaona tu." Akakumbuka alivyokataa kununua kiatu kipya cha kazini hata kabla ya kuitwa. Mwanadamu akishaanza kutafuta sababu, hazikosekani.

Akamkuta mezani. Akaiweka kompyuta taratibu, akasimama.

"Mke wangu. Hii kazi unaitaka kweli?"

Mama Pindo akasimamisha cherehani.

"Unasemaje?"

"Daktari anasema inafunikwa. Kila mara. Nakuuliza tu. Kama unaogopa, sema. Mimi sitakulaumu."

Mama Pindo alitoa kitambaa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akakikunja kitambaa mara mbili ndipo akasema. "Jumatatu uliniuliza nimeshika wapi. Juzi ulisema mikono yangu mizito, mbele ya watu, wakacheka mpaka yule mzee akakohoa. Nikanyamaza. Leo umeacha mikono umehamia moyoni. Kesho utasema nini, kwamba nilizaliwa nimekaa vibaya?"

"Sikusema kwa ubaya."

"Hapana, ulisema kwa sauti." Akachukua suruali nyingine. "Naitaka kazi ile kuliko ninavyotaka kukujibu. Basi niache nishone."

Brashi akatoka nje, akakaa kwenye ndoo yake ya rangi iliyopinduliwa. Bibi akamfuata na kigoda chake, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa sababu ya magoti.

"Nyani haoni kundule," akasema.

"Mama, nimekosa. Najua."

"Hujui. Ukijua utaacha kukaa juu ya ndoo, utaenda kumpikia mkeo chai."

Akaenda akapika chai. Ilikuwa chungu, sukari aliisahau. Mama Pindo aliinywa yote mpaka tone la mwisho, na Brashi akaona heri angemrushia kikombe.

*

Ijumaa nyumba iliamka na adabu. Msomi alifagia sebule mara mbili kabla ya kwenda shule. Brashi alitia kipande cha mbao chini ya mguu wa meza isitikisike, akapachika shuka safi ukutani lionekane nyuma ya mkewe, akahakikisha bando la mtandao lipo, kisha akajiingiza nyuma ya mlango wa chumbani bila kuambiwa. Bibi alikataa kujificha. Alisema yeye ni wa nyumba ile na vifungo vyake havitajichambua, akakaa kwenye kigoda pembeni ambako kioo hakimwoni.

Mama Pindo alivaa gauni lake la kutokea, mikono ameilaza mapajani, na bangili ameiweka mbali, karibu na pasi, mpaka wakati wa kushona. Simu ikaita. Mama wa miwani akatokea, na nyuma yake dirisha kubwa na vyerehani vimepangwa safu.

"Habari za toka Jumatatu?"

"Nzuri, mama. Samahani kwa yale."

"Yalishapita. Tuanze."

Wakazungumza vizuri. Aliulizwa kuhusu nyuzi, akajibu. Aliulizwa atajuaje shati limeshonwa na mtu aliyechoka, akasema angeangalia mshono wa ubavu karibu na kwapa, maana hapo ndipo fundi hukata tamaa kwanza. Mama wa miwani alicheka, akaandika kitu. Nyuma ya mlango Brashi alifunga macho, akawa anashukuru.

"Haya, nionyeshe ule mkono wa shati uliokuwa unanionyesha siku ile."

Mama Pindo akainuka, akachukua bangili, akaivaa. Akachukua shati. Akajiweka karibu ili kilele cha bega kionekane, mkono wa kushoto ukashika pembeni mwa mashine kama kawaida yake.

Kioo kikazima.

Bibi akaacha vifungo vyake. Mama Pindo aliweka shati chini polepole, akasema, "Basi," akatembea mpaka mlango wa nje akasimama akitazama barabara. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kilichokuwa kinamtikisa hakikuwa kicheko.

Brashi akatoka. Akabonyeza kitufe, bila matumaini yoyote. Kioo kikawaka. Mama wa miwani yumo humo humo, ameinama anagonga kitu mezani kwake. "Haloo? Mnanisikia?"

"Mke wangu, imeamka. Njoo."

Akaja upesi akipangusa macho, akainama, akashika. Kikazima.

Wakatazamana. Bibi akainuka nusu kutoka kwenye kigoda. "Ondoka tena," akamwambia mkwewe.

"Mama?"

"Ondoka, mwanangu, rudi pale mlangoni."

Akarudi mlangoni. Brashi akabonyeza. Kikawaka.

"Sasa njoo. Taratibu. Usishike kitu."

Akaja. Kikabaki kinawaka. Akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, pini zikimeta kwenye kifundo. Kikazima.

Brashi alikuwa haangalii tena kioo. Alikuwa anaangalia pini. Na kilichomjia kichwani kilikuwa mlango. Mwaka uliopita alipaka rangi duka moja, akabandua kidude kidogo kwenye ubao wa mlango apake chini yake, king'ora kikalia mpaka majirani wakatoka na fimbo. Mwenye duka alimweleza, baada ya kila mtu kutulia: mlango una sumaku, fremu inaisikia sumaku ikiwa karibu, na ikiisikia inajua mlango umefungwa. Kioo cha kompyuta nacho ni mlango. Mashine inajiona imefunikwa. Kila mara imefunikwa.

"Nipe mkono," akasema.

"Tusipoteze muda—"

"Nipe mkono, mama watoto."

Akaivua bangili. Akabonyeza kitufe, kioo kikawaka, mama wa miwani akiwa ameshika simu yake anataka kupiga. Brashi akaisogeza bangili peke yake, haikuwa na mkono ndani, mpaka pembeni mwa herufi. Kikazima. Akaiondoa, akabonyeza. Kikawaka.

"Ni sumaku," akasema. "Ni bangili yangu. Siyo mikono yako. Ni mimi niliyekufunga kitu hiki mkononi, kisha nikaenda kukucheka mbele ya watu."

Bibi akakaa tena. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na sumaku yenyewe ni ya redio yangu."

Mama Pindo alikuwa anamtazama mumewe, na usoni pake mambo mengi yalikuwa yanagombea nafasi. Lakini kioo kilikuwa wazi na mtu alikuwa anasubiri. "Tutaongea," akasema. "Sasa hivi nahitaji pini. Zishike."

"Nizishike wapi?"

"Vaa. Simama kule mbali, nyoosha mkono."

*

Mama wa miwani aliporudishiwa picha, aliona shuka safi, fundi mwenye macho mekundu kidogo, na kutoka upande wa kulia wa kioo, mkono mnene wa mwanamume wenye madoa ya rangi ya kijani, umevikwa bangili ya pini, umenyooka kama bomba la ukutani.

"Samahani," akasema. "Huo mkono ni wa nani?"

"Ni wa mume wangu. Ananishikia pini."

"Anajisikia vizuri?"

"Yuko salama, mama."

"Mwambie asogee nimwone."

Brashi alikuwa na kaptula ile ile. Hakuwa amebadilisha kwa sababu mpango ulikuwa wa kukaa nyuma ya mlango. Akasogea hatua moja, mkono bado ameunyoosha upande wa pili kabisa asije akaua tena mashine, akasalimia.

"Kumetokea nini huko? Mnatoweka na kurudi."

Mama Pindo angeweza kusema mtandao. Kila mtu husema mtandao, na hakuna anayebisha. Akafikiri kidogo, kisha akamweleza yote: sumaku, pini, namna anavyoshika, namna ilivyolala toka Jumatatu, namna walivyoijaribu dakika hizi. Alieleza kwa mpangilio, alivyozoea kueleza mshono.

Mama wa miwani alisikiliza mpaka mwisho. "Kazi yangu hii," akasema, "ninatafuta mtu wa kujua kasoro imetokea wapi. Nguo ikiharibika pale kiwandani, kila mtu analaumu cherehani. Ninyi huko mlilaumu nini?"

Mama Pindo akasita. Hakutaka kumwaibisha mtu wake kwa mgeni.

"Tulilaumu mikono yake," akasema Brashi. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Siyo tulilaumu. Nililaumu mimi. Nilisema mizito, nikasema mbele ya watu. Na mikono hii, mama, haijawahi kumharibia mtu kitu. Mimi nimeishi nayo, naijua. Nisamehe, mke wangu."

Mama wa miwani aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi yake, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Tuione hiyo mikono."

Mama Pindo akafanya kazi. Alichukua pini moja kutoka kwenye mkono wa mumewe, akaitia kwenye kilele cha bega. Akarudi, akachukua nyingine, akaitia kwenye mshono wa kwapa. Alikuwa anakwenda na kurudi, na kila aliporudi Brashi alikuwa amesimama pale pale, bega linamuuma. Akalilaza tumbo la mkono wa shati kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka kitambaa kilichokuwa kirefu kikaingia katika kilichokuwa kifupi bila ugomvi. Akaketi, akakanyaga cherehani, akashona mshono mmoja mrefu wa mviringo, akakata uzi.

"Geuza ndani," akasema mama wa miwani.

Akageuza ndani.

"Sogeza karibu."

Akasogeza. Mama wa miwani aliangalia muda mrefu, kichwa ameinamisha upande. Huku nyumbani mkono wa Brashi ulikuwa umeanza kushuka, akauinua kwa ule mwingine.

"Utaweza kuripoti Jumatatu ijayo?"

"Nitaweza."

"Nikuandike jina gani kwenye kitambulisho?"

Mama Pindo akalitaja jina lake, lile la kuzaliwa, lote mpaka la babu. Bibi alilisikia kama mara ya kwanza, akalirudia chini chini kulionja.

"Na huyo bwana," mama wa miwani akaongeza, "mwambie sasa anaweza kushusha mkono." Kisha akaaga, akaondoka kwenye kioo kwa utaratibu, kama watu wanavyoondoka.

Brashi hakushusha. Bega lilikuwa limekufa ganzi, ikabidi mkewe amshushie yeye, kwa mikono yake miwili. Akamvua bangili, akaitazama, ile tai ya harusi na ule mshono wake wa kifundi rangi, umekwenda upogo toka mwanzo hadi mwisho.

"Kesho asubuhi naenda kwa Daktari," akasema Brashi.

"Kufanya nini? Imeshapona."

"Nataka lile benchi. Wote waliocheka, na yule mzee wa goti. Nikawaambie."

"Na wasipokuwepo?"

"Nitawangoja."

Mama Pindo akacheka, kicheko chenyewe hasa, cha kutoka tumboni. Akaiweka bangili juu ya dirisha, mbali na mashine, lakini si mbali sana na cherehani. Halafu akaketi mbele ya kompyuta, akaulaza mkono wake wa kushoto pembeni mwa herufi, mtupu, kiganja kimetulia, akasubiri. Kioo kikaendelea kuwaka.

"Basi kama ni hivyo," akasema Bibi akirudia vifungo vyake, "nani ananinunulia redio?"